Kitanda cha mtoto cha kukunja, rivyu baada ya wikiendi iliyovurugika

Niseme mapema kabisa. Kama unasafiri sehemu moja, unalala hapohapo siku zote na wenye nyumba wamekuhakikishia kitanda cha mtoto kipo na picha wamekutumia, hiki usinunue, utabeba mzigo bure. Hiki ni cha watu ambao ratiba zao hazieleweki, na ukishakuwa na mtoto wa mwaka na nusu ratiba yako haieleweki hata kama umeiandika na kuibandika ukutani.

Kampuni siitaji maana siku hizi vya muundo huu viko vingi na vinafanana. Nazungumzia vile ambavyo godoro linakaa chini kabisa, karibu na sakafu, kuta ni wavu pande zote nne, na ubavu mmoja una zipu ndefu inayofunguka kama mlango. Si vile vya zamani vyenye kitovu cha katikati unachovuta juu ndo kikunjike. Hiki kinaingia kwenye mkoba wa kuvaa mgongoni, uzito kama kilo 6 hivi, wakati vile vya zamani vingi vinafika kilo 10 na kuendelea na vikikunjwa vinabaki virefu, karibu sentimita 80, havikubali kukaa popote ila uvilaze kwenye buti na buti ndo imeisha hapo.

Mzozo ulianza kabla hatujatoka getini. Ijumaa jioni buti imeshajaa, kigari cha kusukuma, begi la pempasi, begi la nguo, begi la vitu ambavyo hakuna anayejua ni vya nini ila vikikosekana tutajua tu, halafu mimi natokea na mkoba mwingine mgongoni. Mume wangu akaniangalia juu mpaka chini. "Mama, si lodji wamesema kitanda cha mtoto kipo? Sasa hicho cha nini?" Nikamwambia wamesema wao, mimi sijakiona. Kikaingia, kikasimama wima nyuma ya kiti changu, wala hakikumgusa mtoto miguu. Hiyo ni alama ya kwanza nampa huyu aliyekibuni.

Sasa tuko njiani meseji ikaingia. Chumba chetu kimepasuka bomba, lakini tusiwe na wasiwasi wametuhamishia kingine "kizuri tu". Tukafika. Kingine kizuri tu ni kitanda kimoja kikubwa, kabati, na njia ya kupita mtu mmoja tena kwa ubavu. Kitanda cha mtoto kweli kilikuwepo, cha mbao, kizito, kiko koridoni, na hakipiti mlangoni! Nikakitikisa nikaona na ubavu mmoja unacheza, fito zimelegea. Mdada wa mapokezi akasema si tutalala naye tu hapo katikati. Mimi na mtoto wangu anayelala kwa kuzunguka usiku kucha, kichwa huku miguu kule, tukibanana watatu hapo asubuhi kuna mtu ataamka sakafuni. Mume wangu hakusema neno, akatoa simu akampigia dada yake anayekaa mbele kidogo ya hapo, na wifi yangu naye hakuuliza maswali, akasema njooni, ila vyumba vimejaa mtalala sebuleni.

Kwa hiyo likizo ya lodji ikawa likizo ya sebule ya wifi.

Tumefika usiku, mtoto keshalala kwenye kiti chake cha gari, na hapa ndo wazazi wengi tunaposhawishika kumwacha hivyohivyo. Kwa hawa wakubwa kiti hakitoki garini kwa hiyo lazima umtoe tu, lakini wenye vichanga na vile viti vinavyochomoka naomba mnisikilize, kile kiti ni salama kikiwa kimefungwa kwenye gari kwa mlalo wake, ukikiweka sakafuni au juu ya kochi mtoto alale humo usiku, kichwa kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa, na kiti chenyewe kinaweza kupinduka. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinasema wazi mkifika tu mtoto ahamishiwe sehemu tambarare na ngumu. Ndo maana muda wa kufungua kitanda una maana kuliko rangi yake. Umembeba mtoto wa kilo 11 begani, amelala, una dakika chache sana kabla hajafungua macho akaona nyumba asiyoijua.

Kukifungua sasa. Unakitoa mkobani, unakiweka chini, unavuta kona zake kuelekea nje mpaka kila mguu useme tak. Nne zikishalia, unabonyeza reli za juu kwa kiganja kuona kama zinakaza, unaweka godoro, basi. Gizani, na taa ya simu tu, niliweza. Aliyetuchelewesha ni shemeji, yeye watoto wake walilala kwenye vile vya zamani kwa hiyo akapiga goti anatafuta kitovu cha kusukuma chini, anasukuma kitambaa cha watu, "mbona hakishuki?" Vile vya zamani navyo vina siri yao ambayo watu hawaijui, unatakiwa unyanyue na kufunga reli zote nne kwanza huku katikati kukiwa bado kumeinuka, ndo usukume katikati mwisho. Ukianza na katikati reli hazifungi ng'o, na ndo hapo unaona mababa wanatoka jasho wanalaumu kiwanda.

Kero namba moja ya hiki changu ni velkro, ile mikanda ya kubandika na kubandua. Godoro linashikwa chini na mikanda ya velkro, unaipitisha kwenye matundu ya sakafu ya kitanda na kuibana kwa nje ili lisitembee. Wazo zuri sana mchana. Usiku ukikosea kidogo ukataka kuibandua urekebishe, ile sauti ya kuchanika, krrrraaa, nyumba nzima imesikia. Mtoto akafungua jicho moja. Tukaganda wote wanne, hakuna anayepumua, shemeji bado yuko magotini. Akafumba. Tangu hapo ile mikanda naifunga polepole mno, na kama mtoto amelala namwambia mtu akae naye chumba kingine kwanza.

Tukaja kwenye godoro. Jembamba. Ukiligusa utasema nimeibiwa, wifi aliligusa akaenda moja kwa moja kuleta godoro la sponji la mwanae alichomeke juu, "mtoto wa watu alale kwenye hiki kijikaratasi?" Ilibidi nimzuie kwa adabu na ikachukua muda maana ni mkubwa kwangu na ni kwake. Ule ugumu ndo wenyewe. Karibu kila mtengenezaji anaandika kwenye kitanda usiongeze godoro jingine, sababu likiongezwa linaacha mwanya kati yake na ukuta wa wavu, na ukuta wenyewe ni laini unasukumika, mtoto anajibiringisha anaingia mle uso umebanwa hapumui. Pia kimo cha ukuta kinapungua, anayejua kupanda anatoka. Mto na midoli kwa aliye chini ya mwaka mmoja hapana kabisa. Wa kwangu amepita mwaka kwa hiyo alipewa kishuka chake chepesi cha nyumbani, hakijafuliwa makusudi, kina harufu ya kitandani kwake. Kama sakafu ni ya baridi unatandika zulia au blanketi CHINI ya kitanda, sio ndani. Wifi alikubali hapo, akaleta mkeka na blanketi zito vikaenda chini ya kitanda na kila mtu akaridhika.

Usingizi wenyewe, nisiwadanganye, aliamka. Kitanda hakifanyi miujiza. Hata sisi watu wazima sehemu mpya hatulali vizuri, kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walitoa matokeo yao 2016 kwamba usiku wa kwanza sehemu ngeni upande mmoja wa ubongo unalala nusunusu, umebaki unasikiliza, kwa hiyo kama mama uliamka kila gari lilipopita usijilaumu. Sasa akiamka ndo utaona faida ya ile zipu. Kwenye vile vya zamani unainama kutoka juu, unamnyanyua, umeshamuamsha kabisa, ukimrudisha analia upya. Hapa nilifungua zipu ya ubavuni, nikalala kwenye godoro langu lililopo sakafuni palepale, nikaingiza mkono nikamshika tumbo. Akanitafuta usoni kwa vidole, akanikuta, akageuka. Dakika chache tu tukalala wote. Hiyo zipu peke yake imelipa pesa yangu.

Ila hiyo zipu ina mtihani wake, Jumamosi mvua imeanza alfajiri haikatiki, na ile sehemu ya maji tuliyopanga kumpeleka imefungwa kwa ajili ya mvua. Ratiba B imekufa na C hatukuwa nayo. Tukageuza kitanda kuwa sehemu ya kuchezea, zipu wazi, vikombe vya plastiki, vijiko, kitabu cha picha, anaingia anatoka anaingia anatoka mwenyewe anacheka, binamu zake wanapiga hodi kwenye wavu, asubuhi yote imeisha hivyo wala hatukuwasha katuni. Shida ikaja mchana alipotakiwa alale, keshajua mlango uko wapi. Zipu inafungwa kwa nje na ina kifuniko cha kitambaa chenye kibonyezo, hicho kibonyezo usikisahau hata siku moja, maana bila hicho anashika wavu anauvuta, zipu inarudi nyuma kidogokidogo mpaka anapata tundu la kupitisha mguu. Kampuni zisitangaze tu "mlango wa ubavuni", waandike na hilo kwa herufi kubwa.

Kwa nini nang'ang'ania usingizi wa mchana wakati tuko matembezini? Kwa sababu Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema mtoto wa mwaka 1 mpaka 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na za mchana. Usiku alikatikakatika, ukimnyima na mchana, jioni mtu wenu anajirusha chini kwa sababu kikombe ni cha bluu. Mwongozo huohuo unasema wasifungwe kwenye kigari au kiti zaidi ya saa 1 mfululizo, na sisi Ijumaa kwa ule mzunguko wa lodji mpaka kwa wifi alikuwa ameshakaa sana, tulisimama njiani akakimbia kidogo lakini wapi. Kwa hiyo Jumamosi niliwaambia wote hakuna kutoka, huyu analala. Nikakisogeza kitanda mbali na dirisha kwanza. Pazia la wifi lina kamba ya kuvutia na kamba za mapazia zimenyonga watoto, popote mnapofika angalieni hilo, kamba, waya wa chaja, waya wa taa, chochote ambacho mkono wake utafika akisimama kitandani.

Jumapili jua likatoka, tukaamua hata kama lodji hatulali tutapita pale karibu yake tukae kwenye miti mpaka mchana halafu turudi nyumbani. Kitanda nikakifungua chini ya mti. Hapa kina raha na kina adha. Raha ni kwamba wavu unapitisha upepo pande zote na mtoto akilala unaendelea na stori zako. Adha, ardhi yenye mawe inajitokeza chini ya godoro, inabidi utandike kitu chini, na sisimizi hawasomi maelekezo ya kiwanda. Jua likihama na wewe unahama na kitanda, kubebeka kinabebeka ukiwa umemtoa mtoto kwanza. Kuna mtu alipita akanishauri nikifunike na kanga juu mpaka chini kumkinga jua, nikamshukuru ila sikufanya. Ukifunika hivyo hewa inasimama, ndani joto linapanda haraka kuliko nje, tena humuoni mtoto. Kivuli kiwe cha mti au cha paa.

Mengine ambayo siyapendi. Mgongo, kwanza. Kumlaza mtoto mzito mpaka usawa wa sakafu ni mazoezi, kama una shida ya kiuno au umejifungua kwa kisu majuzi, chukua chenye miguu kilichoinuka. Shuka lake lina vipimo vyake na matundu ya mikanda, shuka la kawaida halikai, linakunjamana na kumfuata mtoto, kwa hiyo unanunua la kwao na la akiba, maana mnajua wenyewe pempasi inavyovuja siku ambayo huna la akiba. Kitambaa cha godoro kinavuliwa na kufuliwa, hilo sawa, ila kukauka kinachukua muda. Na ukilala chumba kimoja naye, akigeuka godoro linalia kwaruz kwaruz kama mfuko wa plastiki, ndani kuna nailoni ya kuzuia maji.

Kuhusu umri. Vile vya miguu vingi vimeandikwa mwisho kilo 15, vya Marekani vinaandika kama kilo 13.6 na kimo cha sentimita 89. Hiki kwa kuwa godoro liko chini uzito sio tatizo kubwa, tatizo ni siku mtoto atakapogundua kurusha mguu juu ya reli. Siku hiyo ndo mwisho wake kama kitanda, hata kama ana kilo 12. Ukitaka kujua umefika au bado, msimamishe ndani uangalie reli inamfika wapi, ikishakuwa chini ya kifua anza kujiandaa.

Watu wengine wameniuliza si bora godoro la upepo, linakunjika dogo kuliko yote. Kwa mtoto mkubwa kidogo anayelala ametulia, labda. Kwa kichanga usithubutu, linabonyea, uso unazama. Kwa wa umri wa wangu nalo halina ukuta, atalala hapo utamkuta jikoni.

Na wa kununua mtumba, sina neno, vitu vya watoto vinatumika muda mfupi ni haki yake viendelee kwa mwingine, lakini kwa kitanda cha kukunja fungua chote mbele ya muuzaji. Bonyeza kila reli kwa nguvu, pitisha vidole kwenye wavu wote utafute palipochanika, maana tundu la kidole leo kesho ni la kichwa. Andika jina na namba ya modeli mtandaoni uone kama kampuni haijawahi kuiita irudishwe kiwandani kwa kuwa na hatari. Hili si la kutishana. Mwaka 1998 huko Marekani mtoto wa mwaka na miezi alifariki akiwa kwa mlezi, reli za juu za kitanda cha kukunja zilijikunja zikamkaba shingo, na kitanda chenyewe kilikuwa kimeshaitwa kirudishwe tangu 1993, miaka 5 nzima, kikaendelea kutumika kwa sababu hakuna aliyewaambia waliokuwa nacho. Wazazi wake walipigana mpaka sheria ya 2008 ikaweka viwango vya lazima kwa vitanda hivi na kadi za kujisajili ili mnunuzi apate taarifa. Kwa hiyo ile kadi ndogo inayokuja kwenye boksi usiitupe na makaratasi, jaza, au sajili kwa simu.

Nakipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imekatwa na velkro pamoja na huu mkoba, maana mkoba umeshonwa kwa kipimo cha kitanda peke yake, kitanda kikiwa na shuka lake haufungi, na zipu yake ilianza kuachia Jumapili tulipokuwa tunapakia. Muuzaji nilimwandikia, akajibu mkoba hauuzwi peke yake. Mume wangu ametoa begi lake la zamani la vifaa vya mpira, kitanda kinaingia, shuka mbili zinaingia na pempasi za usiku mmoja juu yake. Sasa hivi liko kwenye buti, na aliyeliweka ni yeye.